Seti ya nne: kisa cha Jahangir Khan

Aprili 1981, Bromley, kusini mwa London. Ni fainali ya British Open, shindano kubwa la skwoshi, mchezo wa raketi unaochezwa ndani ya kuta nne. Geoff Hunt wa Australia, mwenye miaka 34, anamfunga kijana wa miaka 17 kutoka Karachi kwa 9-2, 9-7, 5-9, 9-7 na kubeba taji hilo kwa mara ya nane. Kijana mwenyewe ni Jahangir Khan. Baada ya siku ile hakufungwa tena katika skwoshi ya mpira laini, ile inayochezwa dunia nzima, mpaka tarehe 11 Novemba 1986. Ni miaka mitano na miezi saba. Hesabu inayotajwa kila mahali ni mechi 555. Wapo wanaobisha jinsi mechi hizo zilivyohesabiwa, lakini siku ya kuanza na siku ya kukoma hazina ubishi.

Watu hupenda kukieleza kisa hiki kwa damu. Baba yake, Roshan Khan, alitwaa British Open mwaka 1957, na kijiji cha asili yao, Nawakille, karibu na Peshawar, kimetoa mabingwa wa skwoshi kuliko nchi nyingi. Sawa, damu ipo. Lakini damu haituambii kwa nini alishinda kwa namna ile ile mwaka baada ya mwaka. Matokeo ya seti yanatuambia, ukiyapanga na kuyasoma polepole. Hizi ni fainali zake za World Open, yaani ubingwa wa dunia, zilizofika seti nne katika kipindi hicho:

Toronto 1981, dhidi ya Hunt: 7-9, 9-1, 9-2, 9-2.
Birmingham 1982, dhidi ya Dean Williams: 9-2, 6-9, 9-1, 9-1.
Cairo 1985, dhidi ya Ross Norman: 9-4, 4-9, 9-5, 9-1.

Za Munich 1983 na Karachi 1984 alizimaliza kwa seti tatu kavu. Sasa tazama seti ya mwisho katika kila mstari: 9-2, 9-1, 9-1. Mpinzani aliweza kumnyang'anya seti moja mapema, na haikuwa aibu. Katika ya nne hakuna aliyeambulia zaidi ya pointi mbili.

Uzito wa pointi ya zamani

Anayeijua skwoshi ya leo tu, ya pointi 11 ambapo kila jibizano, yaani kupigiana mpira mpaka mmoja ashindwe kuurudisha, lina pointi yake, anaweza kuiona 9-1 kama kipigo cha kawaida. Haikuwa hivyo. Enzi hizo pointi aliipata yule tu aliyeanzisha mpira. Mpokeaji akishinda jibizano hakupata kitu zaidi ya zamu ya kuanzisha, na ubao wa matokeo haukusogea. Kwa hiyo mpokeaji alitakiwa ashinde mara mbili mfululizo ndipo ahesabiwe pointi moja: mara ya kwanza kuchukua zamu, mara ya pili kuvuna.

Hapo pana hesabu ambayo wachezaji wengi waliihisi miguuni bila kuiandika. Chukua majibizano ambayo mmoja anashinda 6 kati ya 10 na mwenzake 4. Zidisha kila namba kwa yenyewe: 36 kwa 16. Huo ndio uwiano wa pointi, na ukiupunguza unapata 9 kwa 4 kamili. Sasa mchukue aliyeshinda 3 kati ya 4: 9 kwa 1. Yaani tofauti ndogo ya majibizano ilivimba ikifika ubaoni. Kwa mfumo wa leo, huyo wa 6 kati ya 10 angeshinda takriban 11-7, na mtazamaji angesema mechi ilikuwa kali.

Ukilielewa hilo, seti ya nne ya Jahangir inaacha kuwa miujiza. Hakuhitaji kucheza vizuri zaidi kadiri mechi ilivyosonga. Ilitosha yeye abaki palepale na mwenzake ashuke kidogo, kutoka kushinda majibizano 4 kati ya 10 hadi mawili na nusu. Upungufu wa jibizano moja na nusu katika kumi, nao ubao unatoka 9-4 hadi 9-1. Kwa mfumo huo, uchovu wa mpinzani ulilipa riba.

Kilichomchosha mpinzani

Kiwanja cha skwoshi kina urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.40. Mstari unaokata katikati uko mita 5.49 kutoka ukuta wa mbele, na pale unapokutana na mstari unaokwenda hadi ukuta wa nyuma pana alama ya T, mahali ambapo kila mchezaji anataka kusimama. Chini ya ukuta wa mbele lipo bati. Mpira ukiligusa, umepoteza. Bati la kawaida lina urefu wa sentimita 48, karibu na goti. Leo wachezaji wa kulipwa hutumia la sentimita 43. Sentimita tano zinaonekana si kitu, lakini kwenye bati refu dropu, yaani mpira mfupi wa kufia mbele, hulazimika kupita juu zaidi, unakaa hewani zaidi, na mwenye mbio anaufikia. Mpira nao, gramu 24 hivi za raba, hauruki ukiwa baridi. Ukipata moto kwa kupigwa unaruka vizuri na kumpa anayekimbia nafasi ya kuuokoa. Bati refu, mpira moto na pointi za kuvuna kwa kuanzisha tu: mazingira yote hayo yalimpendelea mwenye pumzi kuliko mwenye ujanja wa mkono.

Wapinzani wengi walikuwa na pumzi pia. Hunt mwenyewe alijenga jina lake kwa mazoezi makali. Tofauti ya Jahangir ilikuwa mahali alipoupigia mpira. Fikiria jibizano la upande wa kushoto. Mpinzani anausukuma mpira mrefu kandokando ya ukuta, akitarajia utapita, udunde, ufike nyuma, na hivyo yeye mwenyewe apate sekunde moja ya kurudi T. Jahangir hausubiri. Anapiga hatua moja kutoka T na kuupiga ukiwa hewani, mrefu, sambamba na ukuta uleule. Mpinzani bado yuko njiani kurudi katikati. Inabidi ageuke tena. Akiuokoa, unakatwa tena vilevile. Hakuna pigo hata moja hapo la kushangilia. Ila kila pigo limemkata mwenzake sehemu ya pumziko, na baada ya mipigo 30 au 40 ya namna hiyo mpira unaorudi huwa mfupi na umelegea, unaomba kumalizwa. Hasara yenyewe haionekani katika jibizano hilo. Inaonekana katika seti mbili zijazo.

Kosa walilolifanya wengi lilikuwa kujaribu kutoka kwenye mtego huo kwa dropu ya haraka, mwili ukiwa bado unakimbia. Mpira ukipigwa kwa mguu usiotulia huenda kwenye bati. Makosa ya namna hiyo, ukiyasoma kwenye karatasi ya matokeo, hufanana na uzembe wa aliyepoteza. Chanzo chake kilikuwa voli, ile mipira iliyopigwa ikiwa hewani, za dakika 20 zilizopita.

Mwili uliotengenezwa

Inafaa kukumbusha kwamba mwili huo haukuzaliwa na nguvu. Utotoni Jahangir alikuwa mgonjwa mgonjwa, akafanyiwa upasuaji wa ngiri mara mbili, na madaktari walimkataza michezo ya kutumia nguvu. Mwaka 1979 hakuchaguliwa kwenye timu ya Pakistan iliyokwenda mashindano ya dunia ya wachezaji wa ridhaa kwa sababu ya afya. Aliingia upande wa mchezaji mmoja mmoja, huko Melbourne, na akatwaa ubingwa akiwa na miaka 15. Novemba mwaka huohuo kaka yake, Torsam, naye mchezaji wa kulipwa, alianguka uwanjani Adelaide katikati ya mechi kwa mshtuko wa moyo na kufariki. Alikuwa na miaka 27. Jahangir alitaka kuacha mchezo. Aliyemrudisha ni binamu yake Rehmat Khan, ambaye aliweka kando safari yake mwenyewe ya uchezaji na kumchukua London kumfundisha.

Programu ya mazoezi, kama Jahangir mwenyewe alivyoieleza hadharani, ilikuwa hivi. Siku tano za wiki zilianza kwa mbio ndefu za maili tisa, kama kilomita 14 na nusu, kwa mwendo wa wastani uliochukua kati ya saa moja na mbili. Zilifuata mbio fupi za kasi zenye kupimwa kwa saa. Kisha vyuma katika jimu, na mwisho bwawa la kuogelea kwa kuulegeza mwili. Siku ya sita ilikuwa ya mechi za mazoezi. Ya saba, kupumzika. Mbio hazikuwa za sehemu moja: barabara ya lami, mashamba, ufukweni, wakati mwingine ndani ya maji ya magotini, na kwa vipindi milima ya kaskazini mwa Pakistan ambako hewa ni nyepesi.

Mpangilio ndio wa kuangalia hapo, kuliko wingi wa kilomita. Mbio ndefu peke yake hutengeneza mtu anayeweza kukimbia kutwa kwa mwendo mmoja, na skwoshi haina mwendo mmoja. Ni mikurupuko ya mita mbili tatu, kusimama, kugeuka, kuinama. Kuweka mbio za kasi juu ya miguu ambayo tayari imechoshwa na kilomita 14 ni kuufundisha mwili kukurupuka ukiwa umechoka, na hiyo ndiyo hali halisi ya seti ya nne. Anayeiga programu hii kwa kuchukua kipande cha kwanza tu, kama wengi wanavyofanya, anaambulia magoti mabovu na kasi ileile aliyokuwa nayo.

Chichester, dakika 71

Ushahidi mkubwa kuliko fainali zote ni mechi ya mwaka 1983 huko Chichester, Uingereza, dhidi ya Gamal Awad wa Misri. Awad alikuwa mwepesi ajabu na hakuna mpira aliouachia. Seti ya kwanza pekee ilichukua saa moja na dakika 11. Ilifika 8-8, na kwa kanuni ya wakati ule mpokeaji ndiye huchagua seti iishie 9 au 10; hii iliishia 10, na Awad akaichukua 10-9. Seti tatu zilizofuata, zote kwa pamoja, zilichukua dakika 95: Jahangir 9-5, 9-7, 9-2. Jumla, saa mbili na dakika 46.

Nani alishinda ile seti ya kwanza? Ubaoni, Awad. Lakini dakika 71 za kukimbia zilikuwa zimelipwa na miguu ya wote wawili, na miguu ya mmoja ilikuwa na akiba. Seti ya nne, 9-2. Mwaka huohuo walikutana tena katika fainali ya British Open, na safari hiyo Awad hakupata hata ya kwanza: 9-2, 9-5, 9-1.

Kando ya hayo, kati ya 1983 na 1986 Jahangir alikwenda pia Marekani Kaskazini kucheza skwoshi ya mpira mgumu: kiwanja chembamba, mpira wa kasi, hesabu tofauti, mchezo ambao hakukulia nao. Aliingia mashindano 13, akashinda 12. Mark Talbott, bingwa wa huko, alimfunga mara moja katika mara 11. Kipigo hicho hakiingizwi katika ile hesabu ya mechi 555 kwa kuwa ni mchezo mwingine, na ni sawa kisiingizwe, ingawa wanaoisimulia rekodi wangetenda haki kukitaja.

Toulouse

Ross Norman alitoka New Zealand. Mwaka 1983 aliumia goti vibaya kwa kuruka na parashuti na ikadhaniwa kazi imekwisha. Alirudi, akapanda hadi namba mbili duniani, na kwa kuwa namba moja alikuwa Jahangir, kupanda huko kulimaanisha kufungwa naye mara kwa mara katika fainali. Hakulificha lengo lake. Alikuwa amesema hadharani kwamba iko siku Jahangir atakuwa chini kidogo ya kiwango chake, na siku hiyo atamkuta yeye.

Dalili ilikuwepo miezi saba kabla, na ni rahisi kuiona sasa. Cairo 1985 Norman aliisha vilevile kama wenzake: 9-1 katika ya nne. Lakini fainali ya British Open ya Aprili 1986 ilikwenda 9-6, 9-4, 9-6. Amefungwa tatu bila, ndiyo, ila seti ya mwisho haikuporomoka. Kwa hesabu yetu ya juu, 9-6 ni kama majibizano 55 kwa 45. Seti moja ni kipimo kidogo, hatuwezi kuitegemea sana. Hata hivyo, mtu ambaye hafi mwishoni ni aina tofauti ya mpinzani kwa mchezaji ambaye mbinu yake yote imejengwa juu ya kuua mwishoni.

Novemba, Toulouse, Ufaransa, fainali ya World Open. Norman anachukua ya kwanza 9-5, ya pili 9-7. Jahangir anachukua ya tatu 9-7. Waliojua historia walijua kinachofuata: seti moja imerudi, mwenzake ametumia nguvu nyingi, sasa inakuja ile 9-1.

Ilikuja. Norman 9, Jahangir 1.

Maelezo ya siku mbaya hayatoshi hapa. Siku mbaya ya mchezaji wa aina yake ingetoa seti nne za kubanana. Ile 9-1 maana yake Norman alishinda karibu majibizano matatu kati ya manne dhidi ya mtu ambaye hakuzoea kuwekwa upande huo. Tunavyoona sisi, seti mbili za kwanza zilimlazimisha Jahangir kulipa bei ambayo kawaida aliitoza yeye. Alikuwa amezoea kuwa nyuma kwa seti moja mapema, na kupanda kutoka hapo. Kuwa nyuma kwa mbili, dhidi ya mtu anayerudisha kila mpira bila papara, kulimtaka aikimbilie seti ya tatu kwa nguvu zote, na akaipata kwa pointi mbili tu. Akiba ya seti ya nne aliitumia katika ya tatu.

Baada ya hapo

Hakuanguka. Ila mwaka 1987 alitokea Jansher Khan, kijana mwenye asili hiyohiyo ya Nawakille, mdogo kwake kwa miaka mitano na nusu, mrefu, mwembamba, mwenye pumzi ya namna ileile. Kuanzia Septemba mwaka huo Jansher alimfunga mara kadhaa mfululizo, ikiwamo nusu fainali ya World Open huko Birmingham. Jahangir alijibu 1988 kwa kumfunga katika fainali ya World Open mjini Amsterdam, taji lake la sita na la mwisho. Walikutana mara 37 kwa jumla. Jansher alishinda mechi 19, Jahangir 18. Lakini hesabu seti: Jahangir 79, Jansher 74. Hesabu pointi: 1,459 kwa 1,426. Aliyeshinda pointi nyingi na seti nyingi ndiye aliyeshindwa mechi nyingi. Jahangir alipomfunga mwenzake alimfunga kwa mbali. Zile za kubanana zilikwenda upande wa pili.

Jambo jingine lilibadilika, na halitajwi inavyostahili. Kufikia 1989 World Open ilikuwa imehamia hesabu ya pointi 15, kila jibizano likiwa na pointi. British Open ilibaki na ile ya 9. Jahangir aliendelea kubeba British Open 1989, 1990 na 1991, akifikisha mataji kumi mfululizo, la mwisho kwa kumfunga Jansher 2-9, 9-4, 9-4, 9-0. World Open hakuipata tena. Mwaka 1991 alifika fainali na kufungwa na Rodney Martin, mjini Adelaide, mji uleule aliofia Torsam. Hatusemi hesabu mpya ndiyo iliyomnyima mataji. Umri ulikuwepo, Jansher alikuwepo, na Waaustralia walikuwa wamejifunza kumshambulia mbele. Lakini mfumo uliokuwa ukizidisha ubora wake kwa wenyewe ulikuwa umeondolewa. Mtu wa majibizano 6 kati ya 10 sasa alipata 15-10 pale ambapo zamani angepata 9-4.

Mwaka 1993 World Open ilikuwa Karachi, nyumbani. Jahangir, akikaribia miaka 30, alifika fainali na Jansher alikuwa upande wa pili. Alistaafu mwaka huohuo, baada ya kuisaidia Pakistan kutwaa ubingwa wa dunia wa timu katika mji huohuo, na baadaye aliongoza Shirikisho la Skwoshi Duniani kuanzia 2002 hadi 2008. Ile fainali ya Karachi aliianza kwa kushinda seti ya kwanza kwa pointi moja, 15-14, kama Hunt alivyoichukua ya kwanza Toronto kwa mbili. Kisha 9-15, 5-15, na ya nne 5-15. Kumi na tano kwa tano ni majibizano matatu kati ya manne. Kwa pointi za zamani, 9-1.